Kopo la Maji Juu ya Karanga

Kifaranga wa nne alipolala ubavu, Anyesi alikuwa amechuchumaa karibu yake kabisa. Aliona miguu ikipiga hewa mara tatu, mara nne, kisha ikatulia. Shingo ilikuwa imejipinda kuelekea mgongoni. Hakutoa hata mlio.

"Umeona?" alisema Evarista, mwenye bata. "Umejionea mwenyewe, dada. Jana jioni walikuwa wanakimbizana hapa, wazima. Na bata hafi mdondo kama kuku. Hili ni jicho la mtu."

Evarista alikuwa ameokoka miaka saba iliyopita na ndiye aliyeongoza maombi ya Jumatano pale mtaani Miyuji. Lakini bata wakifa, imani ya Jumatano ilikuwa inasogea kando kidogo kulipisha jicho la mtu. Anyesi angemtania siku nyingine. Leo alikuwa ameona kitu kwenye vumbi, karibu na bakuli la maji: kipande cha karanga, ganda lake jembamba limekunjamana na kuwa la kijivu. Alikifunika kwa kidole cha mguu kabla hajajua kwamba anakifunika.

"Pole, Evarista," alisema akisimama. "Pole sana."

Karanga zile alizitoa yeye. Tangu Alhamisi, kila asubuhi, alikuwa anamwaga gao moja la kiganja kwa bata wa jirani, kwa upendo tu, kwa sababu ni vibaya kutupa chakula.

Anyesi alikuwa na miaka hamsini na miwili, na mtaa mzima ulimwita Mama Unga. Alinunua mahindi na soya sokoni Majengo, karanga zilitoka shambani kwa kaka yake kule Mvumi. Alichambua kwenye ungo, akaosha mahindi, akakausha, akakaanga karanga mpaka zinukie, akapeleka vyote mashine, na unga wa lishe uliotoka ulipendwa na watoto waliokuwa wanakataa kila kitu kingine. Wanawake walimsimamisha njiani kumwonyesha mashavu ya watoto wao. Tangu mume wake afariki hakuwa na jina jingine duniani zaidi ya hilo, na hakulitaka jingine.

Sasa, mtu asiyezimenya karanga za Ugogoni hawezi kujua uchungu wake. Mwaka wa mvua haba, ganda linakauka likawa kama kibao. Ukimaliza debe moja, kidole gumba kimevimba. Ndiyo maana tangu zamani wanawake wanazinyunyizia maji jioni na kuzifunika, na asubuhi ganda linaachia lenyewe, kama mtoto aliyeshiba anavyoachia titi. Mama yake Anyesi alifanya hivyo. Bibi yake alifanya hivyo.

Mwaka juzi akaja mtaalamu wa kilimo, akawakusanya wasaga unga kwenye ofisi ya kata. Akawaambia maji yale ndiyo yanayoita ukungu, na ukungu unaacha sumu inayoitwa sumukuvu. Huioni kwa macho. Ukikaanga haitoki, ukisaga haitoki, uji ukitokota mpaka jioni haitoki. Inakwenda moja kwa moja kwenye ini la mtoto. Anyesi aliinua mkono pamoja na wenzake, akaahidi hatanyunyiza tena. Alipewa cheti, akakitundika ukutani chini ya kalenda ya kanisa, na kweli, mwaka mzima na nusu hakunyunyiza.

Kisha wiki mbili zilizopita shule ya awali ya kanisa ikaagiza kilo ishirini na tano kwa mara moja. Vidole vilikuwa vinauma. Kopo la maji lilikuwa pale pale, kando ya gunia. Hakuna aliyemlazimisha. Alilichukua, akanyunyiza, akachanganya kwa mkono, akafunika kwa turubai, akajiambia kesho atazianika mapema, kwani usiku mmoja una nini? Alfajiri ikaja simu ya msiba kutoka Mvumi. Alikaa siku tatu. Aliporudi na kufunua turubai, joto lilimpiga usoni, na harufu kidogo, kama ya nguo iliyokunjwa mbichi. Alizianika, akachambua mbovu zote akaweka pembeni, za bata wa jirani. Nzuri alizikaanga, na moto ukaondoa harufu. Ijumaa alipeleka unga.

"Tutaufungua Jumanne," Mwalimu Frida, mkuu wa shule, alikuwa amemwambia. "Wa zamani bado upo kidogo."

Leo ilikuwa Jumanne.

Nyumbani, mjukuu wake Anitha alikuwa ameshavaa sare na soksi nyeupe, anahangaika na kifungo cha shingoni. Alikuwa na miaka mitano. Mama yake alikuwa Mtera anakaanga samaki, na mtoto alilelewa na bibi.

"Vua," alisema Anyesi.

"Nivue nini, bibi?"

"Sare. Leo huendi shule."

"Leo kuna wageni! Mwalimu alisema tutaimba!"

"Nimesema vua."

Anitha alilia akiwa amesimama, mikono chini, machozi yakidondokea kwenye kola. Anyesi alimvua sare mwenyewe, kifungo kimoja kimoja. Hakujiuliza kwa nini anafanya vile. Kuna maswali ambayo mtu huyaruka kama dimbwi.

Saa ya ukutani ilionyesha saa moja na nusu. Uji shuleni ulinywewa saa nne. Muda ulikuwepo, alijiambia, muda wa kutosha wa kuomba kwanza.

Alikuwa na desturi ambayo mchungaji aliwakataza waumini mara mbili madhabahuni, nao wakaendelea nayo kimyakimya. Ukikwama, unafumba macho, unaomba, unafungua Biblia popote na kuweka kidole. Pale kidole kilipoangukia ndipo Mungu amesema. Alipiga magoti kando ya kitanda. "Bwana, nionyeshe. Ukisema niende, nitakwenda. Ukisema ninyamaze, nitanyamaza." Akafungua, akaweka kidole, akafumbua macho.

Kilikuwa kipimo cha mapazia ya hema. Dhiraa ngapi urefu, dhiraa ngapi upana.

Alifungua tena. Safari hii ilikuwa orodha ya watu na watoto waliowazaa, majina marefu ya watu waliokufa zamani. Mara ya tatu kidole kilishuka kwenye ukurasa, lakini hakufumbua macho. Aliogopa kwamba safari hii Mungu angejibu. Akafunga kitabu kidole kikiwa bado ndani.

Labda hakuna kitu. Bata wamekufa kwa sababu zao. Mbovu alizitoa zote, na unga wenyewe aliuonja Ijumaa, mtamu. Na kama akienda kusema, akaja mtu wa afya akapima na kukuta unga mzima, atakuwa amejichafulia jina bure. Na kama akikuta si mzima? Aliwaona wanawake wale wa mashavu wakimkuta njiani na kuhamia upande wa pili. Alimwona mchungaji akimwita ofisini. Aliogopa kwa namna ambayo hakuwahi kuogopa hata mume wake alipokuwa anakata roho, maana siku ile hakukuwa na la kuamua.

Saa mbili alichukua simu akampigia Mwalimu Frida. Iliita mara mbili.

"Mama Unga! Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu. Mmeamkaje?"

"Salama kabisa, tuna pilikapilika. Leo wageni kutoka dayosisi wanafika saa tatu, tumeuwahisha uji ili wawakute watoto wanakunywa. Nimewaambia unga wetu unatoka kwa mama wa hapa hapa usharikani. Wanataka hata kukuona!"

Anyesi alifungua mdomo.

"Mama? Kuna jambo?"

"Hapana," alisikia sauti yake ikisema. "Nilikuwa nasalimia tu."

Akakata. Aliketi kitandani na simu mapajani. Saa tatu, siyo saa nne. Kitu kimoja hakukielewa. Jibu alilokuwa analitaka kwa Mungu lilikuwa limekuja ndani ya swali la mwalimu, akalimeza mwenyewe, na hakuna mkono uliotoka mbinguni kumzuia. Kama vile siku ile ya kopo. Hakuna mkono uliotoka.

Evarista aliingia bila hodi, ameshika kifaranga wa tano ndani ya kanga. Alikuta Anitha mlangoni na nguo za nyumbani, macho mekundu.

"Mbona mtoto hakwenda shule? Anaumwa?"

"Haumwi," alisema Anyesi.

"Sasa?"

Lilikuwa swali dogo, la jirani, la kila siku. Anyesi alitafuta uongo, na alikuwa nao wa namna tatu hivi tayari, lakini hakuna hata mmoja uliotoka. Asubuhi yote alikuwa anajiambia hajui. Hajui kama unga ni mbaya, hajui kama aseme. Kumbe alikuwa anajua tangu mikono yake ilipofungua vifungo vya sare. Watoto walikuwa arobaini na mmoja pale shuleni. Alikuwa ameshaamua, ila alimwamulia mmoja tu.

"Evarista, bata wako nimewaua mimi," alisema. Akamweleza yote, kopo, turubai, msiba, karanga za kijivu, unga.

Evarista alikaa kwenye kigoda polepole. Alimtazama kifaranga, akamtazama rafiki yake. Ilionekana wazi kwamba jicho la mtu lingemfaa zaidi.

"Lakini ulichambua," alisema hatimaye. "Mbovu ulitoa."

"Mbovu na nzuri zilikuwa gunia moja."

"Sikiliza, dada. Usijimalize. Ukienda kusema leo, kesho nani atanunua kwako? Utakula nini na huyu mtoto? Mwachie Mungu. Kama amepanga watoto wale wasidhurike, hawatadhurika, hata wakinywa nini."

"Mbona Anitha sikumwachia Mungu?"

Evarista alimfunika kifaranga kwa pindo la kanga.

Anyesi alisimama. Hakujisikia jasiri hata kidogo. "Niangalizie mtoto," alisema, na akatoka bila kujifunga kitambaa.

Saa ilikuwa mbili na dakika arobaini. Shule ilikuwa ng'ambo ya barabara kuu ya Arusha, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Pale kwenye kona alimkuta Masudi wa bodaboda amekaa juu ya pikipiki yake, anapangusa kioo.

"Shikamoo Mama Unga. Twende wapi?"

"Shule ya kanisa. Haraka, Masudi, nakuomba."

Masudi aliwasha, wakateremka kwenye kokoto. Upepo mkavu ulimpiga Anyesi machoni. "Mbona haraka hivyo, mama? Au na wewe ni mgeni rasmi leo?" alitania bila kugeuka.

Ingekuwa rahisi kucheka. "Unga niliopeleka una sumu," alisema. "Nadhani una sumu. Wanakunywa saa tatu."

Kisha Masudi akasema, kwa sauti ya mtu mwingine kabisa, "Binti yangu yupo pale."

Alikuwa amesahau. Watoto wa Kiislamu pale walikuwa kama kumi, maana ndiyo shule iliyokuwa karibu. Alitaka kusema samahani, lakini pikipiki iliruka mbele na neno likabaki nyuma. Masudi alivuka barabara kuu mbele ya lori la saruji, na dereva aliwapigia honi mpaka wakafika ng'ambo, na Anyesi, aliyekuwa anaogopa pikipiki maisha yake yote, hakuwa na nafasi ya kuliogopa lori.

Watoto walikuwa wameketi kwenye mikeka chini ya paa la bati, vikombe vya plastiki mbele yao, vya bluu na vya kijani, mvuke mwembamba ukipanda. Wageni wawili wenye kola za kichungaji walikuwa kwenye viti. Mwalimu Frida alikuwa amefumba macho, na watoto wote, viganja pamoja, walikuwa wanaomba kwa sauti ile ya kuvuta maneno: "Tunakushukuruuu, Bwanaaa, kwa uji huuu..."

Anyesi alisimama langoni. Miaka thelathini ya kanisani ilimshika miguu. Sala haikatizwi. Simu ikilia kwenye sala watu wanageuka, na mtoto akilia anatolewa nje. Alijua mahali sala ile ilipoishia. Ilikuwa imebaki sentensi moja, na baada ya amina vikombe vyote vingeinuka pamoja.

"Msinywe!"

Sauti ilimtoka kali kuliko alivyokusudia. Mtoto mmoja wa mbele, ambaye hakusubiri amina, alikuwa na mdomo kwenye kikombe. Anyesi alikipiga kwa mkono. Uji ukaruka, ukamwagika mkekani na kwenye kiatu cha mgeni. Mtoto akaanza kulia, na wengine wakamfuata.

"Mama Unga!" Mwalimu Frida alikuwa ameduwaa. "Nini hiki?"

"Karanga nilizilowesha," alisema Anyesi mbele ya wote, akihema. "Nilizinyunyizia maji nikaziacha siku tatu. Zilipata ukungu. Nilijua haifai, nikasaga. Nilikupigia simu asubuhi nikashindwa kusema. Mwaga, mwalimu. Mwaga wote."

Masudi alikuwa ameshapita katikati ya mikeka akamnyanyua binti yake. Alimpanua mdomo kwa kidole gumba, akachungulia ndani kama mtu anayetafuta mfupa wa samaki. "Umekunywa?" alimwuliza. Mtoto alitikisa kichwa. Masudi alifumba macho, akasema neno moja la shukrani.

Uji ulimwagwa shimoni nyuma ya choo. Jikoni, Mwalimu Frida alimwonyesha Anyesi kiroba, na hapo ndipo Anyesi alipoona kwamba kilikuwa kimepungua sana, zaidi ya uji wa siku moja.

"Ulisema Jumanne," alinong'ona.

"Wa zamani uliisha Ijumaa ile ile." Frida hakumtazama usoni. "Jana tuliutumia huu, mama. Jana walikunywa wote, hata Anitha."

Masudi, aliyekuwa mlangoni na binti yake begani, alisikia. Hakupaza sauti. Alimtazama Anyesi kwa muda, na Anyesi hakuinamisha macho, ingawa angetoa chochote ili ainamishe. Kisha Masudi akageuka, wakasikia pikipiki ikielekea zahanati.

Frida alimpigia muuguzi. Aliiweka simu kwenye spika, na maneno yalitoka ya utulivu, ya kikazi: kikombe kimoja kwa wengi huenda kisilete kitu, lakini wazazi wote waambiwe leo hii. Mtoto anayetapika, anayelalamika tumbo, aletwe. Waangalie macho. Weupe wa jicho ukiwa na manjano, wasisubiri kesho.

Alipokata, Frida alisogea karibu, akashusha sauti. "Nitawapigia wazazi. Nitasema unga uliingia unyevu. Ni kweli, si uongo. Si lazima kutaja ni nani na ilikuwaje. Wewe nenda nyumbani upumzike, mama. Umeshafanya vya kutosha."

Mlango ule ulikuwa mpana, na aliyeufungua alikuwa mwalimu mwenyewe, kwa huruma ya kweli. Anyesi aliutazama. Aliogopa zaidi ya asubuhi, maana sasa alijua hofu haiishi kwa kuamua mara moja. Alidhani ameshavuka, kumbe alikuwa amevuka kijito tu. Na akajua pia kwamba mama aliyeambiwa unga uliingia unyevu atampeleka mtoto kwa daktari kesho kutwa, akipata nafasi. Aliyeambiwa sumu atampeleka leo.

"Wapigie walio mbali," alisema. "Wa huku karibu nitakwenda mwenyewe. Nani hakuja leo?"

Frida alifungua daftari la mahudhurio. "Wawili tu. Anitha wako." Anyesi alijua huyo ameamka mzima. Kidole kikateremka. "Na Lameck wa Debora."

Nyumba ya Debora ilikuwa ya nne kutoka kanisani, ya matofali ya kuchoma, na uzio wa minyaa. Anyesi alitembea haraka, kisha polepole, kisha haraka tena. Njiani alijaribu kuomba, na sala pekee iliyokuja haikuwa na ombi la ishara. Nisaidie kusema, basi.

"Hodi."

"Karibu! Ah, Mama Unga, shikamoo!" Debora alitoka akifuta mikono, msichana wa miaka ishirini na mitatu, uso umechangamka. "Umesikia nakuwaza? Nilitaka nikuagize kilo mbili. Lameck wangu amekataa kila kitu leo. Tangu alfajiri tumbo, anatapika tapika, nikasema labda uji wako atauweza. Nimeshaweka maji jikoni, nilikuwa nakuja kwako."

Anyesi alivua kandambili kizingitini. Ndani kulikuwa na giza la nyumba yenye dirisha dogo, na kwenye mkeka aliona umbo la mtoto limejikunja, limegeukia ukuta.

"Epua maji, Debora."

"Nini, mama?"

"Epua. Nina jambo la kukuambia, na ni langu mimi. Lakini kwanza mlete mtoto hapa mlangoni, penye mwanga. Nataka nimwone macho."

"Haya, mama," alisema Debora, bado anatabasamu. Akaingia ndani, akainama, akamnyanyua mwanawe kwa mikono miwili, akaanza kuja naye.